Kwa Wenyewe, Kaskazini ya Bikoni

Ramani niliikuta nyuma ya kabati la idara ya jiografia, imeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani, mchwa wamekula pembe moja. Nilikuwa nimeingia mle kutafuta chaki. Nimefundisha usomaji wa ramani katika sekondari hii ya Nachingwea kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo nimewapa wanafunzi fotokopi za ramani za mikoa ya mbali, yenye milima ambayo wao wala mimi hatujawahi kuikanyaga. Kumbe kwetu tulikuwepo, tena nyuma ya kabati. Niliikunjua juu ya meza, nikaona jina la Lionja, nikaifuata kwa kidole njia inayokwenda Ruangwa hadi upande wa Mandawa, na chaki nikaisahau.

Ilikuwa ramani ya topografia, ya zile zilizochorwa kwa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, kisha watu wakatumwa kutembea porini kuuliza majina. Mistari ya kahawia inaonyesha ardhi inavyopanda na kushuka, vijito vya buluu vinateremka kuelekea Mbwemkuru, na kila palipokuwa na nyumba pana kidoti cheusi. Vidoti ndivyo vilivyonikalisha kitini. Leo ukipita maeneo hayo hukuti nyumba, ni pori tupu. Ramani ilipochorwa watu walikuwa bado wanaishi kwa kutawanyika, kila ukoo na bonde lake, kabla ya kukusanywa katika vijiji vya kando ya barabara. Mimi mwenyewe nilihama nikiwa mgongoni kwa mama, kwa hiyo ninaposema "kwetu kule" nasema mahali nisipopakumbuka hata kidogo.

Watu wa ramani niliwajua kwa buti zao. Baba alikuwa na jozi moja ya buti nzito, kubwa kuliko miguu yake, alizopewa na wapimaji aliowabebea miti yenye bendera alipokuwa ameoa karibuni. Hakuzivaa hata siku moja. Zilikaa jikoni, na kuku mmoja mwenye kiburi alitaga mayai katika buti la kushoto kwa miaka. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza baba aliwafanyia nini hasa watu wale. Alisema, "Niliwaonyesha njia," akaendelea kunoa jembe. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na sikuwahi kumwuliza tena.

Basi nikaanza kusoma majina. Mengine nilikuwa nayajua, mengine yalinichekesha. Kijito kimoja kimeandikwa Kimekauka. Nadhani mpimaji alifika kiangazi, akauliza, akajibiwa ukweli. Kilima kimoja kimeandikwa Kwa Juu. Na kaskazini ya kilima kingine, chenye alama ya pembetatu inayoonyesha bikoni, ile nguzo ya saruji waliyoijenga wapimaji kileleni, palikuwa na vidoti vinne na maneno mawili kwa herufi ndogo: Kwa Wenyewe. Nilimwonyesha mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa anapita. Akavaa miwani, akainama.

"Wenyewe wa nini?" akauliza. "Hii sentensi haijaisha."

Tulicheka, akaenda zake darasani.

Wiki ile ile mama akanipigia simu. Mama anaishi kijijini, upande wa Ruangwa, katika nyumba ambayo mimi na ndugu zangu tuliiezeka bati. Jicho lake moja limefunikwa na mtoto wa jicho, na la pili linaona watu kama vivuli. Akaniambia kwamba kijiji kimeligawa lile pori la zamani kwa wakulima wa ufuta, na trekta litaingia kabla ya mvua. Mwenyekiti wa kijiji ametangaza kwamba mwenye makaburi mle aje ayaonyeshe ili yawekewe alama na kuachwa. Asiyeyaonyesha asije kulaumu mtu.

Mle porini ndimo alimozikwa bibi, mama yake mama. Alifariki kabla sijazaliwa. Mjomba, aliyekuwa akienda kulisafisha kaburi, naye ameshatangulia, na njia alikuwa anaijua yeye peke yake. Mama mara ya mwisho kufika ilikuwa zamani, macho yakiwa mazima na njia ikiwa njia.

"Mwalimu," akasema, "si wewe unayejua ramani?"

Mama huniita mwalimu akitaka kunituma, na pia akitaka kunicheka. Siku ile sauti yake haikuwa na kicheko. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ramani ninayo, kaburi la bibi nitalipata. Nilisema hivyo kwa majivuno, nakiri.

Kwetu mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa mke, na mahali hubeba jina la mwenye mji. Pale pote paliitwa kwa jina la bibi. Ndugu wote wa upande wa mama wanapaita hivyo hadi leo: kwa fulani. Jina lenyewe silitaji hapa, na sababu itajionyesha. Nilichukua kioo cha kukuzia, nikalitafuta jina hilo kwenye ramani mraba kwa mraba, saa zote za mapumziko, siku tatu. Halikuwepo. Nikaamua kwamba wapimaji walipita bila kupaandika.

Hapo ndipo nilipoanza kujifanya mpelelezi. Nilimpigia mama, nikamwuliza alikuwa anaona nini akiwa nyumbani kwao.

"Nikitwanga, mbele yangu kuna kilima chenye bikoni. Asubuhi jua linanichoma shavu hili la kushoto."

Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Ukitazama mbele na jua la asubuhi likawa kushoto kwako, basi unatazama kusini. Kwa hiyo nyumba ilikuwa kaskazini ya kilima chenye bikoni. Mama, ambaye hakukanyaga darasa, alikuwa amenipa uelekeo safi kuliko wanafunzi wangu wengi. Tatizo ni kwamba ramani ile ina pembetatu mbili. Kaskazini ya kilima cha kwanza pana Kwa Wenyewe, mahali ambapo tayari pana jina, tena jina la watu wengine. Kaskazini ya kilima cha pili pana vidoti vingi visivyo na jina lolote. Nikajiambia kwamba mahali pasipoandikwa jina ndipo kwa bibi. Hesabu ilikuwa nzuri sana, ningempa mwanafunzi alama zote.

Tulikwenda Jumamosi, mimi, mama na mke wangu, kwa pikipiki mbili hadi njia ilipoishia, kisha kwa miguu. Mke wangu alimshika mama mkono, mimi nikatangulia na ramani na dira. Kilima kilikuwepo, na bikoni ilikuwa juu yake, imepasuka upande mmoja. Nilihesabu hatua kuelekea kaskazini, nikavuka korongo, nikafika penye magofu ya kisima. Nikageuka nikiwa natabasamu.

"Mama, tumefika."

Mama akainama, akachota udongo, akausugua kati ya vidole, akaunusa.

"Siyo hapa. Huu unanata. Kwetu mchanga mwekundu."

"Mama, angalia, kilima kile pale. Jua la asubuhi linatokea hapa. Kila kitu kinaendana."

"Siyo hapa, mwanangu."

Nilikuwa nimechoka, shati limeloa, na upupu umenipata shingoni. Nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka naona aibu. Nilisema, "Ramani haidanganyi, mama. Labda umesahau."

Aliudondosha ule udongo taratibu, akajifuta mkono kwenye kanga, akamshika tena mke wangu. Tukarudi. Mke wangu alinitazama mara moja tu, na ilitosha.

Kijijini mwenyekiti alituambia kwamba trekta linategemewa wiki inayofuata. Alikuwa mtu mpole, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba hawezi kulizungushia kamba pori zima kwa sababu ya kaburi ambalo wenyewe hawajui liko wapi. Mama alikuwa amekaa pembeni kwenye mkeka, anasikia.

Nilirudi Nachingwea nikiwa na hasira na ramani, na mama, na bibi aliyekubali kuzikwa mahali pasipo na jina. Lakini zaidi nilikuwa na hasira na mdomo wangu. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, nikaamua kumpigia mama nimwombe radhi. Simu yangu ilikuwa imeishiwa chaji, nikachukua ya mke wangu. Nikatafuta jina la mama kwenye orodha. Hakuna. Nikatafuta Mama. Zilitokea mama za watu wengine, mama wa duka, mama wa mkaa. Nikatafuta Bibi. Hakuna.

"Mama umemweka wapi humu?" nikauliza kwa sauti ya mtu anayetafuta ugomvi.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele barazani. Hakuinua kichwa.

"Angalia kwenye W."

Nikaangalia kwenye W. Palikuwa na jina moja: Wenyewe.

Niwaeleze kwanza kuhusu mke wangu. Anatoka upande wa Mnero, na kwao mkwe hatajwi jina. Tumeoana muda mrefu, tuna watoto wakubwa, na sijawahi kumsikia akitamka jina la mama yangu. Nilijua hilo. Nilizoea kumtania kwamba siku akiulizwa hospitalini jina la mgonjwa atazimia yeye. Nilichokuwa sijui ni kwamba hata kuandika hawezi, hata kwenye simu yake mwenyewe, mahali ambapo hakuna wa kumsikia.

"Kwa nini Wenyewe?" nikauliza.

"Ndivyo tunavyosema kwetu. Wakwe ni wenyewe. Ukienda kwao unasema nakwenda kwa wenyewe."

Baba yangu alitoka upande wa Mnero. Alikuja kuoa kwetu akiwa kijana, akajenga kwa wakwe zake kama desturi inavyotaka. Nilisimama na ile simu mkononi. Kioo cha kukuzia, siku tatu za kutafuta, mahesabu ya jua na kilima, na jibu lilikuwa kwenye simu ya mke wangu anayechambua mchele. Nilimbusu kichwani, akadhani nimechanganyikiwa.

Mama alipokea.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu."

"Mama, nilikukosea juzi. Nisamehe."

"Yamekwisha."

"Mama, baba alikuwa anapaitaje kwenu?"

Nikamsikia anacheka, kicheko cha chini kilichotoka mbali.

"Kwa wenyewe," akasema. "Ulidhani angesemaje?"

Nikamwuliza kama anakumbuka watu wa ramani walipofika. Akakumbuka kila kitu, hata rangi ya daftari. Alikuwa anatwanga uwanjani. Walikuja na baba akiwa ametangulia na miti yenye bendera begani, na mwenye daftari akamwuliza baba hapa panaitwaje. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa barazani, hatua chache tu, anamtazama mkwe wake.

"Niliona baba yako anaangalia chini," mama akasema. "Angemtaja mkwe wake mbele ya macho yake, angelala wapi siku ile? Akasema, kwa wenyewe. Yule akaandika. Mimi na mama tulicheka wiki nzima. Hatukujua kama yanakwenda kwenye ramani. Tulidhani wanaandika barua kwao."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza habari za jua. Uliniambia jina la mama yangu halipo. Hukunisomea yaliyopo."

Hilo ni kweli, na liliniuma kwa sababu ni kweli. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba msomaji wa ramani asome kwanza kila kilichoandikwa kabla ya kukisia. Mama yangu, kwa kuwa hasomi na haoni, niliona hakuna haja ya kumsomea. Nilimwuliza tu maswali, kama anayemhoji shahidi.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa shuleni. Safari hii mwenyekiti alikuja nasi, amebeba panga na mfuko wenye kitambaa chekundu cha kuwekea alama. Tulipita njia nyingine, tukakiacha kile kilima changu cha mahesabu upande wa mashariki. Kila tulipovuka kitu nilisimama, nikamsomea mama. Hapa ni kijito, kimeandikwa Kimekauka. Mama akasema, "Kilikauka mwaka ule tu. Kina samaki wadogo." Hapa njia inagawanyika. "Ya kulia inakwenda kwa shangazi zangu." Hakuna njia yoyote pale, ni vichaka na miiba, lakini kwenye karatasi ipo, mstari wa vipande vipande, unakwenda kulia kama alivyosema. Nilikuwa nashangaa kila hatua kumi. Karatasi na mama walikuwa wanaongea, na mimi kazi yangu ikawa kutafsiri tu.

Kaskazini ya kile kilima kingine ardhi ilibadilika rangi. Mama akaijua kabla yetu, kwa nyayo. Akavua ndala, akasimama peku.

"Mchanga wetu," akasema.

Tukaona mafiga matatu, yameegemeana chini ya kichaka, bado meusi upande wa ndani. Tukaona mikorosho minne mikubwa iliyoanguka matawi na kuota tena. Mama alisimama penye mafiga, akageuka polepole mpaka jua la asubuhi likampata shavu la kushoto, akanyoosha mkono mbele. Mbele yake palikuwa na kilima chenye bikoni. Kisha akaanza kutembea mwenyewe, mke wangu nyuma yake bila kumshika, mama akihesabu kwa sauti hatua ambazo nadhani alizihesabu siku ya mazishi. Akasimama. Akapiga magoti, akapapasa majani, akatoa mkono ukiwa umeshika ukingo wa bakuli la bati, limeoza kwa kutu, lina tundu katikati.

"Nililitoboa mimi," akasema. "Kwa msumari, lisije likaibwa hapa kaburini. Lilikuwa bakuli lake la uji."

Mawe mawili yalikuwepo, la kichwani na la miguuni, yamezama hadi karibu kufunikwa. Tulisafisha. Tulisoma Fatiha, mama akaomba dua yake kwa sauti ambayo sikuyasikia maneno yake, na sikutaka kuyasikia. Nililia, sioni haya kusema. Nilikuwa nalia kwa bibi nisiyemjua, na kwa baba pia.

Mwenyekiti akafunga vitambaa vyekundu kwenye mikorosho yote minne, akatoa karatasi yake ya kijiji akaiweka juu ya goti.

"Jina la eneo?" akauliza.

Alinitazama mimi. Mimi nikamtazama mke wangu, naye tayari alikuwa anaangalia chini, kwa sababu aliona mkwe wake yupo na jina la wakwe linakuja. Mama ndiye aliyejibu. Alilitamka jina la mama yake wazi, mara mbili, ili mwenyekiti asikosee herufi.

Nikatoa penseli yangu. Nilitaka kusahihisha. Hiyo ndiyo kazi yangu, kosa nikiliona nalipigia mstari na kuandika juu yake lililo sahihi. Nikaikunjua ramani kwenye gogo, nikamwambia mama kwamba sasa nitaandika jina la bibi palipoandikwa Kwa Wenyewe, ili anayekuja nyuma asipotee kama mimi.

"Usiandike," mama akasema.

"Ni kosa, mama."

"Siyo kosa. Ni baba yako."

Penseli ikabaki hewani. Baba hakujua kuandika. Picha yake hatuna, tulikuwa na moja na ikaharibika kwa mvua kabla ya mabati. Buti zilioza, kuku akahama. Nimetafuta maishani mwangu kitu chochote chenye mkono wake au sauti yake, nikaamini hakuna. Na siku zote hizo lilikuwepo neno lake moja, limechapwa katika ramani ya nchi, la kijana mgeni aliyesimama mbele ya mkwe wake na kuona ni afadhali mahali pakose jina kuliko yeye akose adabu.

Mama akaja akakaa kwenye gogo, akanyoosha mkono.

"Niwekee kidole palipoandikwa."

Nikakishika kidole chake, nikakiweka juu ya yale maneno mawili. Alikipitisha pale, akaenda na kurudi, kama anayefuta vumbi.

"Limeandikwa kubwa?" akauliza.

"Hapana, mama. Dogo sana. Nusura nisilione."

Akatikisa kichwa kukubali.

"Ndivyo alivyolisema," akasema. "Kwa sauti ndogo."